Siku za Mwizi ni Arubaini, Bali Nani Azihesabu?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba siku za mwizi ni arubaini. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeitia katika insha tukapata alama nzuri. Lakini hebu leo tuiulize maswali. Hiyo siku ya arubaini ikifika, ni nani atakayesema kwamba huyu aliyekamatwa ndiye mwizi hasa? Nani aliyezihesabu hizo siku? Na ikiwa amehesabu vibaya, nani atakayelipa?

Maswali hayo ndiyo msingi wa shahada moja ya chuo kikuu, nayo ni shahada ya haki ya jinai. Shabaha ya makala haya ni kueleza shahada hiyo hufundisha nini, hufikiwa kwa njia gani, na kwa nini mwanachama wa Chama cha Kiswahili anapaswa kuijua hata kama yeye anataka kuwa daktari au fundi wa magari. Mimi mwenyewe ningependa kuisoma. Nilipolisema hilo darasani, jirani yangu wa dawati alicheka akaniuliza, "Kwani unataka kuwa karao?" Kengele ililia kabla sijamjibu sawasawa. Basi na yeye asome jibu langu hapa.

JINAI NI NINI?

Kesi zinazofika mahakamani ni za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni madai. Ukimkodishia mtu shamba asikulipe, au mkigombania mpaka wa ploti, hiyo ni kesi ya madai baina yako na yeye. Aina ya pili ni jinai. Mtu akiiba, akiua, akitoa hongo au akichoma nyumba, sheria husema kwamba amewakosea watu wote, si yule aliyeumizwa peke yake. Ndiyo maana kesi ya jinai hapa kwetu huandikwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Na Jamhuri ni nani? Ni mimi, ni wewe, ni yule mama anayeuza sukumawiki pale stejini.

Kwa hivyo haki ya jinai ni ule mpango mzima wa kumtafuta aliyekosa, kuthibitisha kwamba kweli alikosa, na kuamua afanyiwe nini. Wamo polisi, waendesha mashtaka, mahakimu na majaji, askari wa magereza na maafisa wa probesheni. Askari polisi hujifunza kazi yake katika chuo cha mafunzo kama kile cha Kiganjo. Wakili husoma shahada ya sheria, kisha huendelea Kenya School of Law kabla ya kuruhusiwa kusimama kortini. Lakini anayesoma haki ya jinai huutazama mpango wote kwa pamoja, mfano wa mtu aliyepanda kilimani akauona mto tangu chemchemi hadi unakoishia. Huuliza maji yanachafukia wapi.

Basi jibu la kwanza kwa jirani yangu ni hili: mwenye shahada hii anaweza kuwa askari akitaka, lakini shahada yenyewe si ya uaskari, na wala haimfanyi mtu wakili.

MANENO YANAYOTANGULIA

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, hapana budi tuanze na maneno. Haya manne huchanganywa sana barabarani, na hata redioni.

Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kwamba ametenda kosa. Hajashtakiwa. Ni dhana tu.

Mshtakiwa ni mtu aliyefikishwa mbele ya mahakama akasomewa mashtaka. Bado hajapatikana na hatia.

Mahabusu ni mtu anayezuiliwa rumande akingojea kesi yake iishe. Huyu naye hajapatikana na hatia, ingawa analala ndani.

Mfungwa ni mtu ambaye mahakama imesikiza ushahidi, ikamwona ana hatia, ikamhukumu kifungo.

Tazama, msomaji, jinsi safari ilivyo ndefu kutoka neno la kwanza hadi la nne. Sasa angalia vile sisi huikata. Mwaka jana, katika steji moja ya matatu, abiria mmoja alipiga kelele kwamba ameibiwa simu. Kijana aliyekuwa karibu naye, mbeba mizigo, alinyoshewa kidole. Neno "Mwizi!" likapaa hewani mara moja, na kabla halijatua chini watu walikuwa wamejaa. Mawe yakaokotwa. Aliyemwokoa yule kijana ni mama mboga aliyesimama mbele yake na kuwaambia watu, "Huyu namjua, niueni mimi kwanza." Baada ya muda simu ikapatikana chini ya kiti cha matatu. Kijana alikuwa amepoteza meno mawili. Wale waliompiga walipanda magari yao wakaenda zao, na hakuna aliyerudi kumwambia pole.

Kijana yule aliruka kutoka mshukiwa hadi mhalifu kwa neno moja tu. Hakusomewa shtaka, hakuulizwa swali, na hakukuwa na hakimu. Adhabu ilitangulia, ushahidi ukaja nyuma. Nasema kwa hakika kwamba anayechunga maneno haya manne amekwisha kuanza kusoma haki ya jinai, hata kabla ya kufika chuo kikuu.

MILANGO MITANO

Wanafunzi wa shahada hii hufuatilia mtu mmoja kupitia milango ya mpango wa haki. Tuchukue mfano wa kijana wetu, tuseme kwamba badala ya mawe amepelekwa polisi.

Mlango wa kwanza ni kituo cha polisi. Jambo lake huandikwa katika kitabu cha matukio, ile OB tunayoisikia kila siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inasema aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Sharti afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, na saa hizo zikiishia usiku au siku ambayo korti haikai, basi afikishwe siku ya korti inayofuata. Askari wakimtesa, anaweza kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru ya kuangalia kazi ya polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Mlango wa pili ni mashtaka. Wengi hudhani kwamba polisi akishika mtu basi lazima mtu huyo ashtakiwe. La hasha! Kifungu cha 157 cha Katiba kimempa kazi hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hapaswi kuamrishwa na mtu yeyote katika uamuzi wake. Ushahidi ukiwa hafifu, faili inaweza kufungwa hapo.

Mlango wa tatu ni mahakama. Hapa kifungu cha 50 kinatawala. Mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, na sharti uthibitishe pasipo shaka ya maana. Mshtakiwa si lazima athibitishe kwamba hakuiba. Hapa pia ndipo swali la dhamana huja. Katiba inataka masharti ya dhamana yawe ya kadiri. Lakini fikiria mwenyewe: watu wawili wameshtakiwa kosa moja, wakapewa dhamana moja ya pesa taslimu. Mwenye pesa jioni analala kwake. Asiye nazo analala rumande. Mbele ya sheria wote wawili ni washtakiwa, wote hawana hatia, ila mmoja anakula chakula cha jela. Hilo ni swali la mtihani wa chuo kikuu, na pia ni swali la mtaani kwetu.

Mlango wa nne ni adhabu. Si kila anayepatikana na hatia hupelekwa jela. Anaweza kutozwa faini. Anaweza kuwekwa chini ya afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Na tangu sheria ya mwaka 1998, mtu mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3 anaweza kuamriwa kuutumikia umma bila malipo, kwa mfano kusafisha zahanati au kupanda miti, huku akilala nyumbani kwake. Watoto nao wana sheria yao ya mwaka 2022, inayosema kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Vijana wa kuanzia miaka 15 hadi kabla ya kufika 18 wanaweza kupelekwa shule za Borstal, kama Shikusa kule Kakamega, Shimo la Tewa kule Mombasa, au Kamae, ambayo ni ya wasichana. Huo ni umri wetu, wenzangu. Kuna mtu wa Kidato cha Tatu mahali fulani anayeishi huko usiku wa leo.

Mlango wa tano husahaulika: ni lango la kutokea. Aliyemaliza kifungo anarudi mtaani. Waajiri wengi wanataka cheti cha tabia njema cha polisi. Majirani wanaficha kuku. Asipopata kazi, atakula nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mpango huu mara nyingi uko hapa. Kuna waliojaribu kuuziba kwa elimu: katika gereza la Kamiti na lile la wanawake la Lang'ata, wafungwa wamewahi kusoma shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, wakawasaidia wenzao kuandika rufaa.

CHUONI HUSOMWA NINI?

Masomo hutofautiana chuo hadi chuo, lakini kwa kawaida huchukua miaka minne na hukusanya mambo yafuatayo: misingi ya sheria ya jinai na ya ushahidi, sababu za uhalifu, kazi ya polisi, kazi ya mahakama, magereza na urekebishaji, haki za watoto na za waathiriwa, saikolojia, takwimu na namna ya kufanya utafiti. Kisha kuna mazoezi ya kazi nje, ile tunaita atachimenti, na mwishowe mradi wa utafiti. Ndugu zangu mnaokimbia Hisabati, mmeliona hilo neno takwimu? Halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Ukisema uhalifu umezidi, utaulizwa: umezidi kwa kiasi gani, tangu lini, na umehesabu vipi?

Elimu yenyewe ina historia. Mwaka 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria alichapisha kitabu kuhusu makosa na adhabu. Wakati huo Ulaya watu walikuwa wakiteswa ili wakiri. Beccaria alisema kwamba mateso hayaleti ukweli, kwa kuwa mnyonge atakiri asilolitenda na mkakamavu atakana alilolitenda. Alisema pia kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa si ukali wa adhabu bali ni yakini ya kukamatwa.

Halafu akaja Mwitaliano mwingine, daktari Cesare Lombroso. Mwaka 1876 alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba unaweza kumtambua kwa taya, masikio na paji la uso. Watu wengi walimwamini. Lakini mwaka 1913 daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alitoa matokeo ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wa kawaida, wakiwamo wanafunzi na wanajeshi. Hakuona sura ya mhalifu popote. Sura ya mwizi haipo, msomaji. Hata hivyo mtaani bado tunasikia, "Huyo hata ukimwangalia tu unajua." Unajua nini?

Masomo ya chuo kikuu hasa yalikua sana Marekani. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, alianzisha shule ya askari wake mwaka 1908 kwa sababu aliona kwamba nguvu bila elimu ni hasara. Mwaka 1935 chuo ambacho leo huitwa Michigan State University kilianza kutoa shahada ya kazi hiyo. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyotoa pesa za kuwasomesha polisi vyuoni, na idara za haki ya jinai zikaongezeka mno. Afrika Mashariki nayo ina wasomi wake. Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda aliandika juu ya mauaji nchini mwake katika miaka ya 1970, akitafuta sababu zake katika maisha ya watu wenyewe. Hapa Kenya tuna Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1997.

VISA VIWILI VYA KUKUMBUKA

Kisa cha kwanza ni cha Argentina, mji wa Necochea, mwaka 1892. Watoto wawili waliuawa nyumbani. Mama yao, Francisca Rojas, alimsingizia mwanamume jirani. Jirani alikamatwa na kuteswa, lakini alikataa kata kata. Ndipo mpelelezi alipoona alama ya kidole chenye damu mlangoni. Wakati huo afisa aitwaye Juan Vucetich alikuwa ameanza kuweka kumbukumbu za alama za vidole. Kidole cha mlangoni kilipolinganishwa, kilikuwa cha mama mwenyewe. Akakiri. Jirani akawa huru.

Kisa cha pili ni cha Uingereza. Katika mkoa wa Leicestershire wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17, naye akakiri kosa moja. Kila mtu alidhani kwamba kazi imekwisha. Lakini mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alikuwa amegundua mwaka 1984 njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba, yaani DNA. Alipopima, aliona kwamba wasichana wote wawili walikuwa wametendewa unyama na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa yule kijana aliyekiri! Mhalifu mwenyewe, mwoka mikate aitwaye Colin Pitchfork, alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988.

Tazama jambo hili. Zana hizi mbili, alama za vidole na DNA, tunaziona filamuni zikimnasa mwovu. Lakini katika visa vyao vya mwanzo kabisa, zilimnasa mwovu na zikamtoa asiye na hatia kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa ameteswa. Mwingine alikuwa amekiri kabisa, naye alikuwa amenizidi mwaka mmoja tu. Kumwachilia asiyekosa na kumpata aliyekosa ni kazi moja, kwa sababu kila siku asiyekosa anapokaa ndani, aliyekosa anatembea nje.

KISWAHILI KIZIMBANI

Huenda wengine wakauliza: haya yote yahusu nini Chama cha Kiswahili? Yahusu sana. Shahada hii hapa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini mshukiwa mwingi hahojiwi kwa Kiingereza, na shahidi mwingi haoni kwa Kiingereza. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai husema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama zilizo chini yake ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba nayo humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi yake.

Sasa fikiria tofauti ya maneno madogo tu. Shahidi akisema "Alimsukuma," si sawa na "Alimpiga." "Nilimwona" si sawa na "Niliambiwa." "Alichukua simu" si sawa na "Aliiba simu," kwa sababu mtu anaweza kuchukua kitu akidhani ni chake, na wizi hutaka nia. Mkalimani au mpelelezi akitafsiri "alichukua" kuwa "aliiba", amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Zile sarufi tunazolalamikia darasani, mnyambuliko wa kitenzi, kauli ya kutendwa na kutendeana, zinaweza kumfunga mtu au kumfungua. "Walipigana" na "alipigwa" ni kesi mbili tofauti. Mimi naona kwamba mtaalamu wa haki ya jinai nchini mwetu asiyejua Kiswahili vizuri ni kama daktari asiyeweza kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

NJIA YA KUFIKA

Kwanza, alama. Anayetaka shahada katika chuo kikuu hapa Kenya anahitaji wastani wa C+ katika KCSE. Wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali hupangwa na KUCCPS. Masharti ya somo moja moja hutofautiana, hivyo muulize mwalimu wa ushauri mapema, si baada ya matokeo. Sisi wa Kidato cha Tatu tu miongoni mwa makundi ya mwisho ya 8-4-4, na muda uliobaki si mwingi. Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, na Historia na Serikali ni masomo ya kushikilia.

Pili, jina. Shahada hii ina majina mengi. USIU-Africa iliyoko Nairobi hutoa shahada ya haki ya jinai. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri kina taasisi ya masomo ya uhalifu, uchunguzi wa kisayansi na usalama. Vyuo vingine huita somo la uhalifu na usalama. Usidanganyike na jina; soma orodha ya masomo yaliyomo ndani. Nyingine huegemea ulinzi wa kampuni, nyingine maabara, nyingine haki na urekebishaji.

Tatu, karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa mwaka 1995 kuwakopesha wanafunzi. Mkopo ni deni, hulipwa baadaye.

Nne, kazi. Nyumbani mzee wangu aliniuliza, "Hiyo digrii italeta unga?" Ni swali la haki, na sitamdanganya yeye wala wewe. Shahada hii haina kazi moja inayokungojea mlangoni kama ualimu unavyodhaniwa kuwa. Wenye shahada hii huomba kazi katika polisi, upelelezi, magereza, probesheni, idara ya watoto, mashirika ya haki, na idara za benki na bima zinazochunguza udanganyifu. Wengine huwa watafiti. Nafasi hushindaniwa, kwa hivyo anayeichagua kwa sababu ya sare au bunduki atavunjika moyo upesi. Nilimjibu mzee, "Baba, hata unga uko na mwizi, na mwizi anahitaji mtu wa kumhesabia siku sawasawa." Alicheka, hakusema ndiyo, lakini hakusema la. Tunaendelea kuzungumza.

HITIMISHO

Msomaji mpendwa, haki ya jinai ni elimu ya kutenganisha kudhani na kujua. Si huruma kwa wezi, kama wengine wanavyonena. Aliyeibiwa ana haki yake, na sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa inaitambua. Lakini aliyeibiwa hasaidiwi kitu kwa kumpiga asiyemwibia. Siku za mwizi ni arubaini. Basi zihesabiwe na mtu aliyefunzwa kuhesabu, kwa ushahidi, kwa lugha iliyo wazi. Na kabla hatujafika chuo kikuu, sote tunaweza kuanza na jambo dogo: siku utakaposikia mtu akipiga yowe la "Mwizi!", wewe sema kwa sauti, "Mshukiwa. Tumpeleke kituoni." Neno hilo moja laweza kumpa mtu nafasi ya kufika mlango wa kwanza akiwa hai.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mshukiwa, mshtakiwa, mahabusu na mfungwa. Tunga sentensi moja kwa kila neno.

2. Kesi hizi ni za madai au za jinai? (a) Mpangaji hajalipa kodi ya nyumba miezi mitatu. (b) Karani ameghushi risiti. (c) Majirani wanagombania mpaka wa shamba.

3. Taja adhabu mbili ambazo mahakama yaweza kutoa bila kumpeleka mtu jela.

4. Tafuta magazeti matatu ya Kiswahili yenye habari za mahakamani. Piga mstari chini ya kila mahali ambapo mtu ameitwa "mwizi" au "muuaji" kabla ya hukumu. Andika upya sentensi hizo.

5. Mdahalo: "Dhamana ya pesa taslimu humwadhibu maskini kabla ya kesi." Unga mkono au pinga.